Robo ya Karafuu

Jagi la shaba lilikuwa tupu, na hilo lilimuudhi Bi Masouda kabla hajapewa hata kiti.

"Nani kalimwaga?"

"Mie," alisema Taimur, katibu wa Klabu ya Jabali. "Nlilimwaga jana mbele ya macho ya watu, juu ya kitambaa cheupe, kama kanuni inavyotaka. Tukahesabu, nikakifunga kitambaa fundo, nikakitia kabatini. Ufunguo nnao mie. Na usinitazame hivyo, bibi. Mie si gari lililogongwa."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Bi Masouda alikuwa ameumaliza ujana wake katika kampuni moja ya bima, kwenye ofisi iliyotazamana na maduka ya magari ya Wattaya, akichunguza madai ya ajali. Ndiye aliyemkamata yule bwana wa Ghala aliyeapa kwamba ngamia kaligonga gari lake mara mbili, mara ya kwanza akienda, mara ya pili akirudi kuomba radhi. Sasa alikuwa amestaafu, na watu wakimletea mambo yao yaliyopinda kama wanavyompelekea fundi bati lililobonyea.

Aliyemleta leo alikuwa Zakiya, binti Ghassan. Alisimama nyuma yake, miwani ya jua hajaivua hata ndani ya nyumba.

"Fungua kitambaa," alisema Bi Masouda.

"Kwanza nikueleze mambo yanavyokwenda."

"Nieleze huku unafungua."

Taimur akaeleza, vidole vikihangaika na fundo. Klabu ya Jabali ni ya wazee waliocheza mpira wa magongo, wengi wao wazaliwa wa Unguja na Pemba waliohamia nchi hii ya Waarabu, au watoto wa waliozaliwa huko. Ukumbini upo Ukuta wa Heshima. Mchezaji mstaafu hatundikwi pale kwa kujuana tu, ijapokuwa wenye ndimi wanasema vingine. Wapigakura ni kumi na sita, na picha zao wote ziko ukutani tayari. Kila mmoja hupewa karafuu moja na konyo moja, yaani kile kijiti kinachobaki karafuu zikishachambuliwa. Karafuu ni ndiyo. Konyo ni la. Mtu anapita nyuma ya pazia peke yake, anadondosha moja jagini, na ile iliyobaki anaitia kwenye chetezo iungue, isijulikane nani kabaki na nini. Waasisi hawakuiamini kalamu. Karatasi ina mwandiko, walisema, na mwandiko una mwenyewe.

"Na anayeutaka ukuta anahitaji ngapi?"

"Robo tatu. Karafuu kumi na mbili. Jina likirudi miaka kumi bila kufika, linafutwa. Baada ya hapo mtu anabaki na Kamati ya Marehemu."

"Hiyo nayo inataka nini?"

"Sharti lake moja tu," alisema Taimur, bila kucheka. "Ufe kwanza."

Ghassan alikuwa golikipa wa Jabali enzi za ujana wao, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi. Figo zake zilikuwa zimechoka. Mara kwa mara anapelekwa hospitali kusafishwa damu, akirudi rangi ya uso wake ni ya majivu. Kamati ya Marehemu haikuwa mbali naye, na kila mtu pale ukumbini alilijua hilo.

"Kapata ngapi?" aliuliza Bi Masouda.

"Kumi na moja."

Zakiya akavua miwani. Macho yalikuwa yamevimba. "Watu kumi na mbili walikuja nyumbani, Bi Masouda. Wakala wali wetu, wakampa baba mkono, mmoja mmoja. Kumi na mbili! Kuna mtu kaila ile karafuu."

"Wali hauna kiapo, mwanangu. Tutazame."

Kitambaa kilifunguka. Upande mmoja karafuu kumi na moja, nyeusi, nzima, vichwa vyake vya duara vimekaa juu kama vilemba. Upande wa pili vijiti vitano. Bi Masouda akatoa mkobani miwani ya kusomea na kibano cha kung'olea nyusi. Akavinyanyua vile vijiti kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Cha kwanza akakiweka. Cha pili akakiweka. Cha nne akakisogeza puani.

Cha tano hakukiweka.

"Hiki mlikihesabu kuwa konyo?"

"Hakina kichwa."

"Konyo ni jembamba, Taimur, na lina panda. Hiki kinene, kimenyooka. Hii ni karafuu. Kichwa ndicho hakipo."

Katibu akainama, akakodoa. "Sisi tulihesabu vichwa," alisema taratibu.

"Imevunjika!" Zakiya alikuwa keshapiga makofi. "Imevunjika ndani ya jagi, basi! Ni kumi na mbili. Baba kaingia!"

"Ngoja," alisema Bi Masouda.

"Ningoje nini tena?"

"Kichwa."

Wakakitafuta. Kwenye kitambaa hakikuwepo. Kwenye mikunjo ya kitambaa hakikuwepo. Bi Masouda akaingiza kitambaa kibichi ndani ya jagi, akalipangusa hadi chini, kikatoka na vumbi tu. Taimur akapata wazo, na kama ilivyo kawaida ya makatibu, wazo lake lilielekea jikoni.

"Conjesta! Njoo hapa. Wewe jana ulipangusa meza hii."

Conjesta alikuwa mpishi wa klabu, mama wa Bukoba mwenye mikono minene na subira nyembamba. Alitoka akijifuta unga.

"Mimi? Waitu! Baba Taimur, jana si wewe uliyenifukuza? Ulisema khalas, yalla, jikoni, mpaka kura ziishe nisiguse hata kijiko. Leo nimefagia kura zenu?"

"Nauliza tu."

"Unauliza kama unahukumu. Mwulize na paka."

"Usimjali, Conjesta," alisema Bi Masouda. "Niletee karafuu nyingine, za mfuko uleule."

Akaletewa. Akatia konzi nzima ndani ya jagi, akaliziba mdomo kwa kiganja, akalitikisa kama anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi, mpaka Taimur akaanza kulihurumia jagi. Kisha akamwaga kitambaani. Karafuu mbili zilikuwa zimekatika. Vichwa vyao viwili vilibingirika mpaka pembeni ya kitambaa, vikasimama pale.

"Haya. Kichwa kinakatika," alisema Bi Masouda. "Lakini hakina miguu. Kingekatikia jagini, tungekikuta jagini. Karafuu hii iliingia humu ishakatwa. Na aliyeikata alibaki na konyo mkononi, maana makonyo manne mengine ni ya watu wanne wengine."

Zakiya alikaa. "Kwa hiyo ni mmoja wa wale kumi na mbili."

"Mmoja wa walokula wali."

Taimur alijikuna shingo chini ya kofia. "Kanuni ipo, Bi Masouda, ila haijawahi kutumika. Karafuu iliyotiwa ishakatwa haihesabiwi. Mpigakura akiiharibu karafuu yake kwa bahati mbaya, asimame mwenyewe mbele ya wenzake, aseme ilivyokuwa, apige tena hadharani. Lakini iwe kabla jina halijafutwa."

"Linafutwa lini?"

"Kesho Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri."

"Na aloiharibu kwa makusudi?"

"Huyo hana kura. Inatolewa hesabuni kama hakuja."

Bi Masouda akakifunga kile kijiti ndani ya leso yake.

* * *

Ghassan aliwapokea nyumbani kwake Al Khoudh, kwenye kiti cha magurudumu, shuka miguuni, redio inanong'ona taarifa ya habari ya Kiarabu. Mbele yake meza ndogo yenye dhumna zilizopangwa tayari.

"Zakiya kakusumbua bure," alisema. "Kura ni kura."

"Huutaki ukuta?"

Mzee alicheka kwa pua. "Nani kakwambia siutaki? Miaka kumi navaa dishdasha mpya siku ya kura, nakaa garini nje kama bwana harusi alosahauliwa. Nautaka, bibi. Nataka niende pale nijitazame, si nitazamwe tu na watu wanaosema Allah amrehemu."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu."

"Na nani humshuku kabisa?"

Hapo uso ukamng'aa. "Abdulrazak. Beki wangu. Huyo hata ukimchinja. Tangu figo zinishike, hakuna alasiri asiyokuja tukacheza dhumna. Wengine wanaleta pole, yeye analeta matusi, na matusi ndiyo yanoniweka hai. Jana alitoka mle ukumbini wa kwanza, akaja mbio mpaka garini, akanifungulia kiganja. Tazama."

Akatoa kichupa kitupu cha vidonge mfukoni. Ndani yake mlikuwa na konyo.

"Akanambia, ‘Ghassan, hili ndilo nlobaki nalo. Karafuu yangu unayo.’"

Bi Masouda alikishika kichupa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Konyo lilikuwa zima, lina panda yake. "Kanuni si inasema liungue chetezoni?"

"Kanuni!" Ghassan alipunga mkono. "Kwa ajili yangu kavunja kanuni. Ndo urafiki huo."

Bi Masouda akamrudishia kichupa chake, akaaga.

Garini Zakiya hakuwasha injini. "Ami Abdulrazak ndiye alompeleka baba hospitali mara ya kwanza. Mie namwita baba wa pili. Usinambie."

"Sijakwambia kitu."

"Unanyamaza vibaya, Bi Masouda."

"Nikwambie jambo la kazi yangu. Mtu akigonga gari kwa bahati mbaya, anapiga picha baada ya kugonga. Yule anayeleta picha alizopiga kabla, huyo nlikuwa namwekea kahawa, namwambia akae kitako. Nani alimwomba ami yako ushahidi? Kura zilikuwa hazijamwagwa. Hakuna aliyekuwa amelalamika." Akafunga mkanda. "Twende Wattaya. Na wewe utabaki garini."

* * *

Abdulrazak aliishi peke yake juu ya duka la matairi, mjane wa miaka mingi, nyumba safi kama msikiti. Alikuwa mtu mzuri wa sura, ndevu zimechongwa, na tabasamu la mtu anayejua analo. Ukutani alitundika nakala ya ile picha yake ya klabuni, pamoja na maandishi yake. Kila anayeingia kwenye Ukuta wa Heshima huandikwa chini ya picha kitendo chake kimoja. Chake kilisema: *Aliyeuzuia mpira wa Nizwa.*

Hadithi ya mpira huo waliijua hata watoto. Fainali ya Nizwa, kona fupi ya mwisho, wapinzani wakaupiga mpira kwa nguvu hata refa akafumba macho, na wazee wanaapa kwamba mbuzi waliokuwa sokoni walilala chini wenyewe. Vumbi lilipotulia, Abdulrazak alikuwa amelala mstarini juu ya mpira, na Jabali wamechukua kombe.

Alileta halwa na kahawa. Bi Masouda akala kidogo, akasifu, kisha akasema kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Kwenye kura za Ghassan tumekuta karafuu moja haina kichwa."

Abdulrazak aliweka kikombe chini. "Astaghfirullah. Hiyo itakuwa yangu."

"Yako?"

"Jino, bibi. Jino la nyuma lilikuwa linaniua tangu asubuhi. Unajua sisi watu wa Pemba, jino likiuma ni karafuu. Nimesimama nyuma ya pazia, karafuu mkononi, sina habari, nikakiuma kichwa nikakibana hapa." Akagusa shavu la kushoto. "Kumbe nimeiharibu kura! Masikini Ghassan."

"Masikini," alikubali Bi Masouda. "Nnawe wapi mikono? Halwa hii inanata."

Akaelekezwa. Alikaa msalani muda wa mtu kunawa. Juu ya sinki palikuwa na kikombe cha plastiki cha buluu, kirefu, na kando yake boksi la vidonge vya kulowekea meno ya bandia, lililoandikwa: seti nzima, ya juu na ya chini. Bi Masouda alijikausha mikono kidole kimoja kimoja.

Aliporudi hakukaa.

"Jino gani, Bwana Abdulrazak?"

"Nshakwambia, la nyuma, huku..."

"Meno yanayolala kikombeni hayaumi. Una jino gani la kuuma wewe?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini mwenyewe hakuwepo nyuma yake tena.

"Na jengine. Nlikwambia karafuu haina kichwa. Sikukwambia kichwa kimepotea. Mtu asiye na lake angesema, ‘Imekatikia jagini.’ Hata Zakiya ndivyo alivyosema. Wewe ulikimbilia kunambia kilikokwenda kabla sijakuuliza. Ulikitupa wapi?"

Chini, mashine ya duka la matairi ilipiga kelele, ikanyamaza.

"Dirishani," alisema Abdulrazak. "Nlikikata kwa ukucha."

"Konyo ungelitia jagini tu, likaisha."

"Nisingekuwa na cha kumwonyesha."

Ndipo Bi Masouda akakaa. "Kwa nini?"

Abdulrazak alitazama picha yake. "Kila anayetundikwa anaandikwa kitendo. Ghassan ana kitendo kimoja tu maishani mwake. Unakijua?"

"Mpira wa Nizwa."

"Gongo lake ndilo lililouzuia. Mie niliteleza, nikauangukia. Watu wakaja wakaninyanyua mabegani. Nlitaka kusema, wallahi nlitaka. Lakini ngoma zilikuwa zishaanza. Nikasema ntasema kesho. Kesho yake nlikuwa gazetini."

"Ghassan hajawahi kusema neno?"

"Hata moja! Hapo ndo pananichoma. Angesema, tungegombana, tukayamaliza. Kanyamaza miaka arubaini, anapanga dhumna, ananitazama kwa wema. Wewe unajua wema unavyochosha? Akitundikwa, ataulizwa kitendo chake; wataandika nini chini yake, na chini yangu kitabaki nini?"

"Anakufa, Abdulrazak."

"Najua. Nani anayemsukuma kiti?" Akanyanyua kichwa, na sauti ikawa kavu. "Na usifikiri umenipata. Nenda kaniseme. Kura yangu inatolewa. Wanabaki wapigakura kumi na tano. Robo tatu ya kumi na tano ni ngapi, bibi wa bima?"

Bi Masouda alipiga hesabu, akairudia.

"Kumi na moja na robo," alisema Abdulrazak kwa ajili yake. "Na Ghassan anazo kumi na moja. Kakosa kwa robo ya karafuu. Ukweli wako haumfikishi."

Miaka yake yote Bi Masouda alikuwa akiukamata uongo kwa mkia na kuutoa nje ya mlango. Hakuwahi kukutana na ukweli usio na faida kwa mwenye haki. Alimimina kahawa mwenyewe, bila kukaribishwa, akanywa.

"Basi ukweli tuuache," alisema. "Kesho utasimama. Utawaambia jino lilikuuma."

"Hilo la jino nlikuwa nalisema Ijumaa."

"Lilikuwa lianze kuuma Ijumaa, jina likishafutwa?"

Abdulrazak alikigeuza kikombe chake juu ya meza.

"Litauma Alkhamisi. Utapiga tena hadharani, na utatia karafuu, watu wote wanakuona. La sivyo ntawaeleza wazee wenzako kilichoko juu ya sinki lako na kilichoko chini ya picha yako, vyote viwili, kwa mpango. Ghassan atakosa ukuta, na wewe utang'olewa."

"Na nikisema jino, wewe utanyamaza?"

"Ntanyamaza."

"Hata kwa Zakiya?"

"Kwa Zakiya kwanza."

Alishuka ngazi akijihisi kama mtu aliyepaka rangi gari bovu akaliuza. Garini Zakiya alimpokea kwa macho tu, hakuthubutu kuuliza.

"Ilikuwa bahati mbaya," alisema Bi Masouda. "Jino."

Msichana akaegemea usukani, akalia kwa furaha.

* * *

Alkhamisi ukumbi ulijaa. Wapigakura kumi na sita mbele, wengine nyuma, Conjesta mlangoni na chetezo. Ghassan aliletwa na kiti chake mpaka ndani, kwa mara ya kwanza siku ya kura, dishdasha nyeupe inamzidi mwili. Bi Masouda alisimama karibu na dirisha.

Abdulrazak akainuka. Lazima mtu aseme haki, alisema vizuri. Alishika shavu, akaeleza pazia, maumivu, mazoea ya nyumbani, kichwa cha karafuu kikapita kwenye meno kabla akili haijafika. Wazee wakaangua kicheko.

"Abdulrazak! Kura ya watu unaifanya dawa!"

"Tushukuru hakuumwa na tumbo, angeitafuna yote!"

Taimur akampa karafuu. Akainyanyua juu, kichwa chake kikaonekana mpaka nyuma ya ukumbi, akaidondosha. Jagi likalia, tiki. Taimur akasoma: kumi na mbili. Conjesta akapiga vigelegele, Zakiya akambusu baba yake kichwani, kahawa ikaanza kuzunguka, na fundi akaingia na drili yake.

Ghassan hakuwa amecheka. Tangu lilipotajwa jino, alikuwa anautazama mdomo wa Abdulrazak, na hakuyaondoa macho pale mpaka Abdulrazak alipokaa.

Alimwomba binti yake amsogeze dirishani, kisha akamtuma kahawa.

"Jana ulikwenda kwake," alimwambia Bi Masouda.

"Nlikwenda."

"Kile kikombe cha buluu nlikinunua mie. Meno yale tulikwenda kuyachukua pamoja. Aliona haya, akaniapisha nisimwambie hata mkewe. Mkewe kafa hajui. Siku alipong'olewa la mwisho, nlikuwa nimemshika mkono kama mtoto." Alivuta pumzi. "Hana jino la kuuma, Bi Masouda. Ulijua?"

Alikuwa amefikiria kila mtu atakayedanganyika na uongo ule. Hakuwa amefikiria yule mmoja asiyeweza.

"Nlijua."

"Basi aliikata kwa kusudi."

"Ukweli usingekufikisha, Ghassan. Ungekosa. Nlitaka uupate ukuta ungali hai."

"Nimeupata." Akautazama ukuta. "Ningeukosa, leo alasiri tungecheza dhumna. Angenitukana, ningecheka. Ningekufa sijui, bibi. Mpira wa Nizwa nlimwachia zamani, ulikuwa mpira tu. Yeye nlikuwa simwachii mtu."

Bi Masouda akageuza uso ukumbini.

Abdulrazak alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na vikombe viwili vya kahawa, anawatazama. Hakusogea. Baada ya muda aliviweka vyote viwili juu ya sinia la Conjesta, akatafuta viatu vyake.

"Picha niitie wapi?" aliuliza fundi.

Taimur akaonyesha. Ukuta ulikuwa umejaa, nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, bega kwa bega na Abdulrazak. Alisita, akamgeukia Ghassan. "Tunaweza kusogeza zile za juu, ukipenda pahala pengine."

"Itie hapohapo," alisema Ghassan. "Huyo hatonisogelea tena ila kwa picha."